Dalili za Tanuri la Tope

Kila mji mkubwa una vitu viwili ambavyo wakazi wake hawapendi kuvitaja: maji machafu wayamwagayo, na tope libakilo baada ya maji hayo kusafishwa. Maji hurudi mtoni au baharini yakiwa safi, na mji husifiwa kwa usafi wake. Tope halina pa kurudi. Lanuka, lina vijidudu vya maradhi, na huzaliwa siku za kazi na za sikukuu sawasawa, kwa sababu hakuna siku ambayo wanadamu hupumzika kula na kuoga. Penye mashamba ya kulipokea hutumiwa kuwa mbolea. Penye jua kali na ardhi tele huanikwa likakauka. Penye watu wengi na ardhi haba aghalabu huchomwa. Kuchoma tope ni kazi ya tanuri, na kulitunza tanuri hilo ni kazi ya mtu. Mtu huyo hufanana na tabibu wa mgonjwa asiyeweza kusema. Mgonjwa wake huonyesha dalili tu, na dalili moja yaweza kuwa ya maradhi mawili ambayo dawa zake hupingana.

Mji wa London wafaa kuwa mfano. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulizidi kiasi hata wajumbe wa Bunge, ambao ukumbi wao uko kando ya mto, wakaidhinisha haraka kujengwa kwa mifereji mikubwa. Mhandisi Joseph Bazalgette aliijenga, ikaupeleka uchafu mashariki ya mji, Beckton upande wa kaskazini wa mto na Crossness upande wa kusini. Uchafu ulikuwa umehama tu, haukuwa umekwisha. Tangu mwaka 1887 tope lilipakiwa melini likaenda kumwagwa baharini, na desturi hiyo ilidumu mpaka mwisho wa mwaka 1998, ilipokatazwa na sheria ya Ulaya. Kwa ajili hiyo matanuri ya tope yalijengwa Beckton na Crossness. Kitu ambacho bahari ilikificha kwa miaka 111 kikatiwa motoni. Tofauti ya mahali hapa pawili ni kubwa. Bahari haikumwuliza mtu neno. Tanuri lina vipimo, lina dohani, lina majirani, na kila kosa la mtunzaji huandikwa angani kwa moshi.

Jambo la kwanza limpasalo mtunza tanuri kulijua ni kwamba sehemu kubwa ya mzigo atakaoutia motoni ni maji. Tope litokapo katika mabirika ya kutuamisha huwa na sehemu 95 za maji katika 100, na wakati mwingine zaidi. Hukamuliwa kwa mashinikizo, au kwa mashine zizungukazo kwa kasi, na hata baada ya kukamuliwa aghalabu hubakiwa na sehemu 70 hadi 80 za maji. Kuyapasha maji kutoka ubaridi wa kawaida mpaka yachemke hakudai nguvu nyingi. Lakini kuyageuza maji hayo yaliyokwisha kuchemka yawe mvuke hudai nguvu zipatazo mara sita au saba ya zile za kwanza. Kila mpishi aliyepata kutia kuni mbichi mafigani aijua hasara hii. Moto hutumia nguvu zake kukausha kabla ya kupata nafasi ya kuwaka, chakula huchelewa, na macho hujaa machozi.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Tope lenye sehemu 20 za kitu kikavu katika 100 hubeba kilo 4 za maji kwa kila kilo 1 ya kitu kikavu. Likikamuliwa zaidi, hata kitu kikavu kikafika sehemu 28, maji hayo hupungua yakawa kilo 2 na nusu na kidogo zaidi. Mashineni tofauti hiyo huonekana ndogo. Tanurini ni tofauti ya fukara na mwenye nacho. Tope la kwanza hudai mafuta usiku na mchana ili liungue. La pili, likiwa na vitu vya kutosha vyenye kushika moto, hukaribia kujichoma kwa nguvu zake lenyewe. Basi mtu aonaye matumizi ya mafuta yakipanda wiki hata wiki asianze kwa kuvilaumu vichomeo. Na aende kwanza kwenye mashine ya kukamua, atazame kama kitambaa cha shinikizo kimeziba, kama dawa ya kugandisha tope imepungua, au kama tope lenyewe limekawia mno birikani likaoza, likawa gumu kukamulika.

Matanuri ya kazi hii ni ya namna mbili hasa. La kwanza ni tanuri la sakafu nyingi, ambalo lilitokana na matanuri ya kuchomea mawe ya madini na kuanza kuchoma tope la miji ya Marekani katika miaka ya 1930. Ni mnara wa chuma uliojengewa ndani kwa matofali yenye kuhimili moto, wenye sakafu moja juu ya nyingine. Katikati husimama mhimili uzungukao polepole, wenye mikono na meno mfano wa reki. Meno hayo hulisukuma tope katika sakafu moja kuelekea katikati, likaanguka chini kwa tundu. Katika sakafu ya pili hulisukuma kuelekea ukingoni, likaanguka tena. Sakafu za juu hulikausha, za katikati huliunguza kwa joto lipatalo digrii 925 za sentigredi, na za chini huyapoza majivu. La pili ni tanuri la mchanga uchemkao, ambalo kwa tope lilitumiwa kwanza Lynnwood, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mwaka 1962, na ndilo la namna iliyojengwa Beckton na Crossness. Humo hewa hupulizwa kutoka chini kwa nguvu, ikaupenya mchanga wa moto wenye kina kipatacho robo tatu ya meta, hata mchanga ukatokota kama uji. Tope lidondokapo ndani yake hupasuliwa, hukaushwa na huungua kwa muda mfupi sana. Tanuri la kwanza ni kama mzee mwenye subira, ambaye kosa la asubuhi huonekana kwake jioni. La pili ni kijana mwepesi: huadhirika mara moja na hupona mara moja.

Ugonjwa wa kwanza, na wenye kudanganya kuliko yote, ni kushuka kwa joto. Kipimajoto kilikuwa juu, sasa chateremka. Mtu wa haraka hufungua mafuta. Yumkini joto litapanda, na yeye ataridhika, lakini hatakuwa amejua neno. Joto la tanuri laweza kushuka kwa sababu hewa imezidi, na laweza kushuka kwa sababu hewa imepungua. Hewa ikizidi, ile isiyohitajiwa huingia baridi na hutoka moto, ikachukua joto la tanuri ikaenda nalo dohani bila ya faida. Hewa ikipungua, tope halipati pumzi ya kuungua. Hutoa gesi na moshi mweusi, na nguvu iliyomo ndani yake hutoka bila ya kutumika. Aliyezidisha hewa akiongeza tena hulizima tanuri lake. Aliyepunguza hewa akipunguza tena hujaza tanuri gesi zenye kushika moto, ambazo zikikutana na hewa mahali pasipotazamiwa huwaka kwa mshindo. Dalili ni moja, maradhi ni mawili, na dawa ya moja ni sumu ya la pili.

Kipambanuzi ni oksijeni iliyomo katika moshi. Tanuri la sakafu nyingi huhitaji hewa ya ziada ya sehemu 50 hadi 100 katika kila 100 zitakiwazo na moto wenyewe. Tanuri la mchanga, kwa kuwa huchanganya vizuri, hutosheka na ziada ya sehemu 20 hadi 50. Joto likishuka huku oksijeni ya moshi ikipanda, hewa imezidi, au tope limepungua, au limekuwa maji. Joto likishuka huku oksijeni nayo ikishuka, na moshi ukibadilika rangi, tanuri lakosa pumzi. Wahenga walisema kuwa pafukapo moshi pana moto. Katika tanuri la tope moshi mweusi huwa na habari zaidi: moto upo, lakini una njaa ya hewa.

Hata hivyo kipambanuzi nacho chaweza kusema uongo. Mlango usiofunga sawasawa, ufa katika ukuta, au kiungo kilicholegea katika bomba la moshi huingiza hewa ya wizi. Hewa hiyo haipiti motoni. Huupita moto ubavuni, ikachanganyika na moshi, ikafika kwenye kipimo cha oksijeni. Kipimo husema kuwa hewa ni tele, na mtunzaji hupunguza hewa ya moto ambao tayari wahangaika. Kadhalika kipimajoto kilichofunikwa na majivu yaliyoyeyuka hukawia kupokea joto na husema pungufu, mtunzaji akaongeza mafuta mpaka matofali yakaanza kuumia. Kwa hiyo vipimo vyote yafaa visikilizwe kama mashahidi wasikilizwavyo na kadhi mwadilifu. Shahidi mmoja hatoshi. Joto, oksijeni, rangi ya moto kwa tundu la kuchungulia, uzito wa tope liingialo, na sura ya majivu yatokayo huulizwa pamoja. Majivu meusi yenye harufu hushuhudia kuwa moto haukumaliza kazi, hata kama kipimajoto chajisifu.

Ugonjwa wa pili ni kinyume cha wa kwanza: joto kupanda kwa ghafula. Hapa mshtakiwa wa kawaida ni mafuta ya jikoni. Mafuta na shahamu za vyakula huelea juu ya mabirika ya kusafishia maji, huenguliwa, na hutiwa tanurini. Kilo moja ya shahamu kavu yaweza kuwa na nguvu ya moto ipitayo mara moja na nusu ile ya kilo moja ya kitu chenye kuungua katika tope la kawaida. Ikitiwa kidogo kidogo, tena bila ya kukatiza, ni msaada. Ikitiwa kwa fungu kubwa mara mbili kwa siku, tanuri hupandwa na homa mara mbili kwa siku. Mshtakiwa wa pili ni mkatizo wa tope lenyewe. Watu wengi hudhani kuwa tope likikoma kuingia tanuri litapoa papo hapo. Katika tanuri la sakafu nyingi mara nyingi hutokea kwanza kinyume chake: tope bichi lililokuwa likizipoza sakafu za juu kwa maji yake halipo tena, na lililokwisha kukauka laendelea kuwaka. Moto hupanda kuelekea sakafu za juu, na mikono ya chuma huumia. Baadaye tu, chakula kikiisha, ndipo baridi huingia.

Mshtakiwa wa tatu ni maendeleo yenyewe. Hutukia mtambo ukanunua mashine mpya ya kukamua, tope likawa kavu kuliko zamani, na wote wakafurahi isipokuwa mtunza tanuri. Tanuri lililoundwa kuchoma tope lenye maji mengi hupewa sasa chakula kizito kuliko tumbo lake. Moto huhama kutoka sakafu za katikati kwenda za juu, na matofali yaliyoishi miaka mingi hupasuka kwa msimu mmoja. Hapo hakuna aliyefanya uovu. Aliyekamua alifanya vema. Aliyenunua alinunua vema. Kilichokosekana ni watu wawili kuulizana kabla ya wema wa mmoja kuwa balaa ya mwingine.

Ugonjwa wa tatu huwa katika majivu. Majivu ya tope yana chumvi na madini, na baadhi ya mchanganyiko wake huyeyuka kwa joto dogo kuliko lile la tanuri. Katika tanuri la sakafu nyingi majivu yaliyoyeyuka hushikana yakawa madonge magumu mfano wa mavi ya chuma ya mhunzi. Madonge hayo huziba matundu ya kuangukia, huvunja meno ya reki, na huweza kuusimamisha mhimili. Katika tanuri la mchanga chumvi za sodiamu na potasiamu huzifunika punje za mchanga kwa ngozi yenye kunata. Punje hushikana, uji huacha kutokota, na hewa hujichimbia njia moja ikaiacha sehemu nyingine imekufa. Dalili zake hujulikana: vipimajoto vilivyozamishwa mchangani, ambavyo husema karibu sawasawa mchanga utokotapo, huanza kutofautiana. Tena kanieneo ya hewa huonya. Ikipanda chini ya matundu ya kupulizia bila ya kubadilika mchangani, matundu yameziba. Ikishuka mchangani, mchanga umepungua na huenda umechukuliwa na moshi.

Fundi akiyapiga madonge kwa nyundo huondoa ya leo, na kesho hukuta mengine. Chanzo hukaa mbali. Huenda maji ya bahari yanapenya katika mifereji iliyopasuka karibu na pwani, yakaleta chumvi. Huenda kiwanda kimeanza kumwaga kitu kipya. Huenda dawa ya chuma itumikayo kugandisha tope au kuondoa fosforasi katika maji imebadilishwa kiasi chake. Joto laweza kuteremshwa kidogo, na katika mchanga huweza kutiwa chokaa au udongo mweupe wa kaolini ili kuifanya michanganyiko hiyo iwe migumu kuyeyuka. Lakini dawa hizo ni za kumtuliza mgonjwa. Dawa ya kumponya huanzia katika mfereji.

Njia ya moshi nayo ina maradhi yake. Kwa kawaida feni kubwa huuvuta moshi kupitia katika vyombo vya kuuosha kwa maji, ili vumbi na gesi mbaya zibaki majini. Tanuri la sakafu nyingi hutakiwa liwe na mvuto mdogo wa ndani, hata penye upenyo hewa iingie wala moshi usitoke. Moshi ukianza kupumuliwa nje milangoni, ama feni imedhoofika, ama chombo cha kuoshea kimeziba, ama tope limetoa gesi nyingi kupita uwezo wa njia. Feni itetemekayo aghalabu imeshikwa na uchafu upande mmoja wa mapanga yake. Na moto wa kichomeo ukizimika wenyewe, kosa kubwa kuliko yote ni kuuwasha papo hapo. Sharti hewa ipulizwe kwanza mpaka gesi zilizobaki zifagiliwe nje, ndipo kiberiti kifikiriwe. Matofali nayo hayapendi pupa. Tanuri lililopoa hupashwa saa baada ya saa, na lenye matofali mapya hukaushwa kwa siku kadhaa, kwa sababu maji yaliyofichwa ndani ya matofali yakigeuka mvuke upesi huyapasua. Haraka haraka haina baraka ni methali ya watu wote. Kwa mwashi wa matofali ya moto ni kanuni ya kazi.

Katika yote haya chombo kipitacho vyote kwa manufaa ni daftari la zamu. Mtu wa usiku aliyeona joto likicheza, akaongeza mafuta na kuandika kuwa mambo yote ni mema, amemwachia mwenzake wa asubuhi urithi wa uongo. Hakuiba kitu, lakini ameondoa ushahidi ambao ungeonyesha kuwa ugonjwa ulianza saa nane za usiku, wakati ule ule shahamu ilipotiwa au mashine ya kukamua ilipobadilishiwa dawa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tanuri laumbua kwa kuta zilizopasuka, kwa gharama ya mafuta, na wakati mwingine kwa mwili wa mtu aliyesimama mbele ya mlango. Mkuu wa kazi akiwatukana waandikao makosa atapata daftari safi na tanuri bovu. Akiwashukuru atapata daftari lenye madoa na tanuri zima.

Upo ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao mtunza tanuri hawezi kuuponya kwa hewa, wala kwa mafuta, wala kwa daftari. Moto huunguza uhai wa vijidudu na hupunguza mzigo wa tope ukawa majivu machache, lakini hauangamizi zebaki wala risasi. Zebaki iliyomwagwa mferejini huja tanurini, hugeuka mvuke, na husafiri na moshi. Kwa sababu hiyo sheria za nchi nyingi huamuru moshi upimwe: za Ulaya hudai gesi za tanuri zikae angalau sekunde 2 katika joto la digrii 850, na za Marekani za mwaka 2011 ziliweka mipaka ya zebaki, risasi na vinginevyo, hata baadhi ya miji ikaona afadhali kuyafunga matanuri yake ya zamani kuliko kuyatengeneza. Vyombo vya kunasa zebaki vipo, lakini bora kuliko vyombo ni kutoimwaga. Upande wa pili, fosforasi, ambayo ni chakula cha mimea, haipotei motoni, hubaki majivuni. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2017 imeagiza kwamba kuanzia mwaka 2029 mitambo mikubwa irudishe fosforasi ya tope lake itumike tena.

Kwa hiyo tanuri la tope hutoa hesabu ya mji mzima. Lililoliwa, lililooshwa, lililomwagwa kwa siri usiku, yote hufika hapo na kudai jibu kwa mtu mmoja aliye zamu. Jibu lake huwa la kweli akikataa kuitibu dalili kabla ya kuujua ugonjwa, na huwa rahisi ikiwa walio juu ya mfereji, wakamuaji, wanunuzi wa mashine na wenye viwanda, wamekubali kuwa sehemu ya tanuri lake hata kama hawalioni.